Karatasi za Masikio ya Ng'ombe

Siku ile sikuanza kwa kelele. Nilimfungua mwanangu mgongoni, nikamkalisha juu ya meza ya bwana nyaraka, katikati kabisa ya mafaili yake, nikasema, "Leo hatutoki."

Mwanangu alikuwa wa miezi tisa. Akachukua kalamu ya ofisi akaitia mdomoni.

"Mama, mtoe mtoto," akasema yule bwana. Alikuwa kijana wa umri wangu, shati limepigwa pasi, na nilimchukia hata kabla hajafungua kinywa, kwa sababu ya ile pasi tu. Mimi sabuni yenyewe nilikuwa naitafuta wiki ya tatu.

"Atatoka na karatasi za babu yangu."

Ilikuwa mara ya saba natoka Didia kwenda mjini Shinyanga kwa jambo hilohilo. Mara ya kwanza mwenye ufunguo wa stoo alikuwa semina. Mara nyingine ufunguo upo, mwenye idhini hayupo. Kuna siku waliniambia nilete barua ya balozi wa nyumba kumi. Nikaileta, wakasema haina muhuri. Balozi wa nyumba kumi na muhuri wapi na wapi? Kuna siku nilipanda lori juu ya marobota ya pamba, nikafika mjini nywele nyeupe kama bibi kizee, nikakuta mlango umefungwa, wote wamekwenda kumpokea mgeni.

Siku hii ya saba stoo ilifunguliwa. Akaja na sanduku letu la bati, lile la bluu lenye kutu pembeni, na ndani yake faili moja limefungwa vizuri kwa kamba. Barua. Mihtasari ya mikutano. Mwandiko wa babu umelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. Nikapekua mpaka mwisho. Nikarudi mwanzo nikapekua tena.

"Na zile zenye vidole?"

"Vidole?"

"Karatasi zenye alama za dole gumba, na pembeni pamechorwa masikio ya ng'ombe."

Nilimwona anakumbuka. Macho yalikwenda juu, yakarudi.

"Aa, zile. Zile hazikuwa na maandishi, mama. Wakati wa kuchambua tulibakiza zenye maandishi. Nafasi yenyewe unaiona."

"Hizo nyingine mkazipeleka wapi?"

Akageuza uso kuelekea dirishani. Nyuma ya choo palikuwa na shimo lenye majivu. "Huwa tunachoma," akasema.

Hapo ndipo mwanangu akakojoa. Mkojo ukatambaa mezani taratibu, na yule bwana akaruka kama ameumwa na siafu. "Nyaraka, mama! Nyaraka!" Akayazoa mafaili kwa mikono miwili, akayakumbatia kifuani kama mtu anayetoa watoto kwenye nyumba inayowaka.

Sikujua kama nina sauti kubwa kiasi kile.

"Kumbe unajua kukumbatia karatasi! Vidole vya kijiji kizima umevitia moto, halafu mkojo wa mtoto ndio unakurusha! Na kumbe kiberiti mnacho! Sisi tunanyimwa hata kaa la moto, nyinyi kiberiti mnacho!"

Watu wa vyumba vingine walikuja kuchungulia. Waliona mwanamke anayefoka juu ya kiberiti, mwingine akacheka. Wasingejua. Na mimi sikuwa na nafasi ya kuwaeleza, kwa hiyo naeleza hapa.

Babu, baba yake mama, alifundishwa kusoma na kuandika na wamisionari, akawakimbia alipoona vimemtosha. Enzi za Mwingereza, kabla ushirika haujajulikana upande wetu, aliwakusanya wakulima wa pamba akaunda chama. Hakuwa mtu mwema sana. Nasema mapema ili mtu asidhani nalilia malaika. Mama mwenyewe alisema baba yake alipenda mno kusikia sauti yake, na mtu aliyekataa kuingia chamani alimzuilia watu wa palizi mpaka majani yakampita kichwa. Katika barua zake pana mahali amewaita wenzake waoga waliovaa nguo za wake zao. Nimesoma kwa macho yangu.

Mwaka mmoja wa njaa serikali ikasema kila mwanamume apande pamba kipande alichopimiwa, mvua iwepo isiwepo. Babu akaita mkutano. Wakakubaliana wapande mtama mahali pa pamba, na wamwandikie bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kumweleza kwamba watoto hawali pamba. Babu akaandika barua. Lakini karibu wote hawakujua kusoma, na jina lako likiandikwa na mwingine, utajuaje kama ni lako? Basi kila mtu akaweka dole gumba lake, na babu akachora pembeni sikio la ng'ombe lenye mkato wa boma lake. Kwetu kila boma lilikuwa na mkato wake. Wengine ncha imeondolewa, wengine pengo kama la jino, wengine tundu katikati. Ng'ombe akipotea, akionekana hata kwa watu wa mbali, mtu anatazama sikio tu anasema huyu ni wa boma fulani. Asiyejua a wala be aliisoma karatasi ile kutoka juu mpaka chini bila kukwama. Babu alifanya nakala mbili, watu wakaweka vidole mara mbili. Moja ilikwenda kwa bwana shauri. Nyingine ilibaki sandukuni.

Askari wakaja. Watu wakasombwa wakapelekwa barazani, na pale barazani, mbele ya fimbo, wote wakasema maneno mamoja: sisi hatujui karatasi, hatukuweka kidole, ametuandika yeye. Hakuna aliyewasikiliza, wakafungwa vilevile. Mimi siwalaumu. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo. Ila ule uongo wa kujiokoa haukubaki barazani. Walitoka nao gerezani, wakarudi nao nyumbani, wakawasimulia watoto, na watoto wakaukuta ni kweli.

Babu naye alifungwa. Lakini kwa kuwa alijua kuandika, gerezani walimtia ofisini. Wenzake wakavunja mawe, yeye akakaa kivulini na kalamu. Wawili hawakurudi, walifia hukohuko. Baada ya hapo nani angemsikiliza?

Kijiji kikamtenga. Mtu akitengwa kwetu hapigwi wala hatukanwi. Anaachwa tu. Hapewi moto, haitwi kwenye palizi wala kwenye ngoma, na akifa hakuna mwanamume anayeshika jembe kumchimbia. Babu alipokufa, waliomchimbia ni mama na dada yake, wasichana wawili, kwa jembe la palizi. Ilikuwa kiangazi, udongo wa mbugani umekauka kama tofali. Hawakufika chini. Wakapandisha mawe juu yake kwa sababu ya fisi, na mawe hayakutosha.

Mama hakuwahi kunisimulia zaidi ya hapo. "Mawe hayakutosha," alikuwa anasema, kisha anatafuta kazi ya kufanya.

Miaka ikapita, mambo yakalegea kidogo. Wakati wa kuhamia vijijini tulipangwa kwa mistari kando ya barabara, waliotutenga na sisi tuliotengwa, mlango kwa mlango. Jirani yetu, ukivuka uzio wa minyaa, akawa mzee mmoja ambaye baba yake ni mmoja wa wale wawili waliofia gerezani. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi. Aliitikia marahaba, maana ni mtu mwenye adabu, lakini macho yake yalikuwa kwenye ng'ombe. Nilidhani tutaishi hivyo mpaka wote wasahau. Kisha viberiti vikaadimika nchi nzima, na watu wakarudi kuombana moto kama zamani, mwanamke na kigae chake asubuhi kwenda kwa jirani. Hapo tukagundua kwamba hawajasahau kitu. Nilikwenda nyumba tatu na kigae mkononi. Nyumba ya tatu mama mmoja akaniambia, bila hata ubaya, "Mwanangu, kwenu si mna karatasi? Washeni hizo."

Lakini hata karatasi hatukuwa nazo tena. Hapa sasa ndipo pagumu kwangu.

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani na kichwa kikubwa. Nilikuwa msichana pekee wa mstari wetu aliyefika huko. Siku moja ikaja Landrova na bwana mmoja mtu mzima, mpole, anatoka ile ofisi ya mjini, anakusanya habari za wakulima waliopambana na mkoloni. Amesikia habari za babu. Amesikia tuna sanduku.

Mama alikuwa anajiandaa kwenda kisimani. Akaniangalia. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema. "Hapa litaliwa na mchwa. Amua." Akajitwika ndoo akaenda.

Nikaamua. Nikatandika mkeka, nikawa namtolea mgeni moja moja, namsomea kwa sauti ya shuleni. Alifurahi kweli yule bwana, anaandika kwenye daftari lake. Tukafika chini ya sanduku, zikatoka zile karatasi. Madoa ya wino na masikio. Masikio, masikio, masikio.

"Na hizi, binti?"

Nikacheka. Nilikuwa nimesoma jiografia, nimesoma historia ya mapinduzi ya nchi ambazo sitafika. Nikasema, "Hizo si kitu, mzee. Babu alikuwa anachezea wino. Michoro tu."

Akaandika. Akachukua vyote, akanipa stakabadhi. Mama aliporudi na maji aliuliza, "Na zile za masikio ziko salama?" Nikamwambia zote ziko salama, mama, zimekwenda na gari. Akasema, "Wabeja, mwanangu." Asante, mwanangu. Sikumuuliza ni za nini. Msomi haulizi.

Niliolewa na mchimbaji. Mume wangu alikuwa Bugarama kwenye dhahabu, akirudi mara moja kwa miezi, masikio yamejaa vumbi jekundu, na mimi nikabaki kwa mama na mtoto. Ndipo mama akaanza kuvimba tumbo. Hospitali walimtazama, wakanitazama, wakasema nimrudishe nyumbani nimpe anachotaka kula.

Hakutaka kula. Siku moja nikimsugua miguu akaniambia, "Mimi sitaki kuchimbiwa na wewe."

"Mama, acha maneno hayo."

"Una mtoto mgongoni. Huna nguvu za mbugani. Utachimba mpaka hapa," akanionyesha kwenye goti, "utachoka. Utatafuta mawe." Akanishika mkono. "Guku, babu yako, alinionyesha ile karatasi nilipokuwa mdogo. Kidole cha baba yake huyu jirani kipo. Kina kovu, alijikata kwa panga akiwa kijana, dole gumba lote limegawanyika. Nilikuwa nachunga ng'ombe pamoja na watoto wao, nayajua yale masikio yote. Nenda mjini ukaichukue. Mwonyeshe."

Nilivuka uzio mchana uleule, nikapiga goti kwa yule mzee, nikamweleza. Alikuwa anasuka kamba. Alisuka kwa muda mrefu.

"Baba yangu hakuweka kidole," akasema. "Alituambia sisi wenyewe, tulipokwenda kumtazama kwenye uzio wa waya. Ameandikwa."

"Karatasi ipo, baba. Ina lile kovu."

"Kovu lake unalijua wewe?"

"Analijua mama."

Akaacha kamba. "Basi ilete. Nikiona kidole cha baba yangu, na sikio la ng'ombe wetu, mama yako nitamchimbia mimi kwa mikono yangu, na wanangu watanifuata. Usipoileta, usinipigie magoti tena. Mimi si mungu."

Sasa mnajua kwa nini nilikwenda mara saba. Kila nikirudi mama alikuwa anauliza kwa macho tu, na kila mara alikuwa amepungua. Na kila mara nilimwambia wiki ijayo.

Turudi pale ofisini, mkojo unadondoka sakafuni. Nilipomaliza kufoka, yule bwana hakunijibu kwa ukali. Afadhali angenijibu kwa ukali. Aliweka mafaili yake dirishani, akafungua daftari la zamani, la yule mzee mpole ambaye sasa amestaafu, akanigeuzia. "Soma mwenyewe, dada."

Palikuwa pameandikwa: *Karatasi za michoro. Hazina maana, kwa maelezo ya mjukuu aliyesoma.*

Nilisoma. Nikasoma tena lile neno la mwisho. Nikamchukua mwanangu, nikatoka nje, nikaenda mpaka kwenye lile shimo nyuma ya choo. Niliingia na miguu. Nilichakura majivu kwa kijiti, kisha kwa mkono, kama kuku. Nikapata pembe ya bahasha na kifungo cha shati. Karatasi zetu zilichomwa pengine miaka mitatu nyuma, mvua ngapi zimeshanyesha juu yake, nami nachakura. Yule bwana alikuja akasimama pembeni. Akaniletea maji ya kunawa kwenye kopo. Nilinawa, sikumshukuru.

Nyumbani sikuweza kumdanganya mama. Nilimwambia yote, na yale maneno niliyosema juu ya mkeka, kwa sauti ile niliyoisema. Nilitaka anitukane. Akaangalia paa.

"Ulikuwa mtoto," akasema.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mama."

"Basi ulikuwa mjinga," akasema, na akacheka kidogo mpaka tumbo likamuuma. "Lete majivu."

Nikaleta majivu ya jikoni kwenye ungo. Nikamwinua, nikamwegemeza kifuani kwangu, akaanza kuchora kwa kidole. Alifuata mabonde kama maboma yalivyokaa zamani. Boma la kisimani, mkato huu. Boma la njia ya mnadani, mkato huu, na tundu. Alisema majina ya watu ambao sijawahi kuwaona, na ng'ombe wao, yule mwekundu mwenye pembe moja, yule aliyekuwa anaruka uzio. Nami, kila akimaliza sikio moja, nilinakili kwenye karatasi ya daftari, kisha nafuta ungo, anaanza jingine. Tulikwenda siku mbili hivyo, asubuhi akiwa na nguvu. Kuna masikio alisita. Mawili alisema hayakumbuki, tuyaache wazi, tusiwasingizie watu. Tulipomaliza nikamwambia aweke kidole chake. Wino hakuna. Akapaka masizi ya chungu, akakandamiza chini ya karatasi kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

Nikampelekea mzee. Sikupiga goti. Nilimwambia ile yenyewe imechomwa na kwamba kosa ni langu, hii ameikumbuka mama.

Aliishika mbali na macho kama wafanyavyo watu wazima. Midomo yake ikawa inacheza, alikuwa anasoma. Aliipitia kutoka juu, boma kwa boma. Alipofika katikati akasimama.

"Hii umeichora wewe," akasema.

"Nimenakili mimi. Amechora mama."

"Vidole viko wapi?"

"Vimechomwa, baba."

"Basi hii ni michoro." Akanirudishia. Nikageuka. Nilikuwa nimefika kwenye minyaa aliponiita, na sauti yake ilikuwa ya kugomba, kama anamgombeza mchungaji wa ng'ombe wake: "Wewe! Sikio letu ni la kushoto. Kushoto! Na mkato ni miwili, siyo mmoja. Mwambie mama yako amesahau."

Nilimwambia mama. Alifumba macho. "Kweli," akasema. "Miwili. Kweli kabisa." Nikasahihisha. Alikufa siku ya nne yake, mchana, mwanangu amelala pembeni yake.

Mume wangu alikuwa amefika jana yake, nilikuwa nimemtumia habari kwa dereva wa lori. Alikuja na wenzake wawili wa duara moja, yaani wa shimo moja la dhahabu. Hakuna mwanamume wa mstari wetu aliyekuja. Wanawake walikuja wachache, wakakaa nje ya uzio, hawakuingia. Wale wachimbaji watatu hawakuwahi kuchimba kaburi maishani. Walijua kuchimba duara tu, basi walimchimbia mama yangu duara. Kuta zimenyooka kama zimekatwa kwa uzi, wanashushana kwa kamba, udongo unapanda kwa ndoo. Kiuno, bega, kichwa, wakapotea kabisa.

"Shemeji, tunaendelea?" mmoja akapaza sauti kutoka chini.

"Endeleeni."

"Tukiendelea tutakuta mwamba wa dhahabu, afisa madini atatufuata msibani."

"Fisi je?" nikauliza.

Mume wangu akajibu kutoka kule chini, "Hapa fisi hafiki, mama watoto. Hapa hata mimi kutoka ni shida."

Yule mzee alisimama upande wake wa minyaa tangu walipoanza mpaka walipomaliza kufukia. Jembe alikuwa nalo mkononi. Nililiona. Aliliegemea, akalihamisha mkono huu, akalihamisha mkono ule, na hakuvuka. Sijui kama alikuwa ananingoja nimwite. Alikuwa ameniambia nisimpigie magoti tena, nami ni mtu wa kushika neno. Jioni alirudisha jembe ndani.

Arobaini ilipokwisha nilikwenda mjini mara ya nane. Nilipita kwanza kwenye duka la Mhindi karibu na stendi kutafuta karatasi. Mama mwenye duka, mzee wa miwani, akasema karatasi za kuuza hakuna, labda mwezi ujao. Akanitazama nguo nyeusi. "Nani amekufa?"

"Mama."

Akachana karatasi nne kutoka katikati ya daftari lake mwenyewe, akaweka na kaboni moja iliyochakaa. "Andika kwa kaboni," akasema. "Ofisi ikipoteza, wewe iko nayo." Hakuchukua kitu. Niliandika malalamiko yangu palepale kwenye kaunta yake, mwanangu anacheza na mawe ya mizani.

Bwana nyaraka alipoona kiambatisho, ile karatasi ya masikio, alikunja uso. "Sasa hii nitaisajili kama nini, dada?" Nikamwambia asajili kama ilivyo, na apige muhuri zote, malalamiko na kiambatisho, na nakala zangu. Alisita, akapiga. Niliyoyaandika ni haya.

*Kwa Mkuu wa Ofisi.*

*YAH: MALALAMIKO JUU YA KUCHOMWA KWA KARATASI ZA VIDOLE ZA WAKULIMA WA DIDIA*

*Mimi ni mjukuu wa aliyekuwa katibu wa chama cha wakulima hao. Ofisi yako ilipokea kwangu sanduku moja la bati likiwa na barua, mihtasari na karatasi za vidole. Stakabadhi ninayo. Barua na mihtasari vipo. Karatasi za vidole zimechomwa na ofisi yako kwa sababu hazikuwa na maandishi.*

*Nalalamika kwamba zilikuwa na maandishi. Wasiojua kusoma walizisoma. Ofisi yako, pamoja na mimi, ndio tusiojua.*

*Nalalamika pia juu yangu mwenyewe. Maelezo yaliyomo katika daftari lenu kwamba karatasi hizo hazina maana niliyatoa mimi, nayo si kweli. Naomba yafutwe kwa mstari mmoja, yabaki yanasomeka, na pembeni iandikwe kwamba mjukuu alikosea. Lile neno "aliyesoma" mliondoe.*

*Kwa kukosekana kwa karatasi hizo, mama yangu amezikwa na wachimbaji wa dhahabu kutoka mbali, na majirani zake wako hai, wana majembe.*

*Sidai nilipwe. Naomba barua yenye muhuri wa ofisi inayosema kwamba karatasi za vidole zilikuwepo na kwamba zilichomwa hapo, ili niisome mbele ya kijiji, na mbele ya jirani yetu kwanza.*

*Naambatisha karatasi moja, naomba iwekwe ndani ya sanduku la bluu. Imechorwa kutokana na aliyoyakumbuka marehemu mama yangu. Masikio mawili yameachwa wazi kwa kuwa hakuyakumbuka. Sikio moja la katikati, la kushoto, lenye mikato miwili, limesahihishwa na mwenye boma mwenyewe, kwa hiari yake, bila kuombwa.*

*Chini pana kidole kimoja cha masizi. Haina maandishi. Msiitupe.*